Shika Kama Unasalimia

Wenzangu mnaochukua kundi la presha,

Naomba mnisamehe kwa mwandiko. Mkono wangu umezoea jembe na mkanda wa kupimia presha kuliko kalamu, na shule yangu iliishia darasa la saba. Herufi za r na l hunichanganya tangu utotoni, kwa sababu nyumbani tunasema Kinyambo. Mkikuta neno limepinda, lisomeni kwa sauti, mara nyingi sikio litalinyoosha. Ukurasa huu wa kwanza umenichukua asubuhi nzima, na ndizi za mchana zimeiva jikoni bila mimi kumenya hata moja.

Nimestaafu. Watu wanacheka nikisema hivyo kwa sababu sina mvi. Mama amesema anayestaafu ni mwenye mshahara, mimi nimeacha tu. Sitabishana naye. Lakini nilianza sijaota ndevu na nimemaliza nikiwa nazo chache, na hapo katikati kulikuwa na kazi. Sasa mmekuja ninyi mliosomea, kundi ni lenu, nami nimerudi Nyabiyonza kwenye kahawa ya baba. Nesi Yustina, muuguzi wa zahanati aliyenifundisha kazi hii, aliniambia nisiondoke na mambo kichwani, niwaandikie. Kuwaeleza kwa mdomo nisingeweza. Siku ya makabidhiano mliniona, nilitazama miguu yenu tu. Viatu vyenu nikivikuta popote nitavitambua.

Habari za vyeo sitaandika, kwa kuwa hakikuwapo cha kupanda. Nitaandika juu ya mpira wa majani ya migomba ulio kwenye kabati la mashine, kwa sababu mtaukuta na mtajiuliza ni wa mtoto gani. Si wa mtoto. Ni wa Mzee Katabazi.

Nilikuja Nyakatuntu kuishi na shangazi nilipomaliza shule. Shangazi alikuwa anafagia zahanati, na mgongo ulipomsumbua nilikwenda badala yake. Siku ya kwanza Nesi Yustina alinikuta nimesimama nyuma ya tangi la maji, nasubiri watu wapungue ndipo nifagie. Akaniuliza kama nimejificha. Nikasema ndiyo. Akasema angalau sisemi uongo, akaniambia nipange mabenchi barazani, maana ilikuwa siku ya wagonjwa wa presha.

Kwa wiki nyingi kazi yangu ilikuwa hiyo, mabenchi na maji ya kunawa. Kisha akanifundisha mashine. Mkanda ufungwe kwenye mkono mtupu, si juu ya sweta, hata kama mzee anasema kuna baridi. Betri zikichoka mashine hudanganya kabla ya kuzima, kama mlevi anayesema bado yuko sawa. Muulizeni mtu kama ametafuna kahawa njiani. Huku hakuna nyumba utakayoingia usipewe kahawa ya kutafuna, na mtu aliyepita nyumba kadhaa akija kupimwa mashine itampima yeye pamoja na majirani zake. Aketi, aegemee, miguu iguse chini bila kupishana, mkono ulale mezani, atulie kwanza. Halafu apimwe akiwa kimya.

Hapo kwenye kimya ndipo palikuwa na kazi. Kwetu anayepita bila kusalimia ameanzisha ugomvi, na asiyeitikia ameukubali. Kila mkanda ulipojaa upepo mtu alitokea njiani, "Shikamooni," na mzee anayepimwa akaitikia marahaba, akaendelea kwa Kinyambo, mmelalaje, watoto wamelalaje, ng'ombe je, na mvua ya kwenu. Mashine ikaandika upuuzi. Nesi alikuwa akisema adui wa kipimo ni adabu. Mwisho akanisimamisha mimi kwenye njia ya kuingilia. Watu wote wasalimiane na mimi pale, wamalize yote, wakifika barazani salamu ziwe zimekwisha.

Mtu mwenye haya kuliko wote katika kata ndiye aliyewekwa kuwa mlinzi wa salamu. Nilimuuliza Nesi baadaye kwa nini mimi. Alisema mwingine yeyote angepiga soga.

Nilifanya nilivyoweza. Ninyi wawili mmekulia mjini, kwa hiyo niwaeleze. Salamu ya huku haiishii kwenye shikamoo. Mnashikana mikono, na mkono hauachiwi mpaka habari zote zimeulizwa, za nyumba, za shamba, za mgonjwa wa jirani. Hamshikani kwa nguvu wala hamlegezi, mkono unakaa tu ndani ya mkono mpaka maneno yaishe. Mimi nilikuwa natoa vidole, nasema la kwanza, narudisha vidole. Wazee walivumilia. Mzee Katabazi hakuvumilia.

Alikuwa mkulima wa kahawa na migomba, mrefu, mwenye mabega ambayo zamani yalijulikana mpaka Kihanga kwa kubeba mikungu ya ndizi za pombe bila msaidizi. Nilipomjua macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Aliona mwanga na kivuli, basi. Jirani yake Mzee Siprian, naye mgonjwa wa presha, ndiye aliyekuwa anamshika ncha ya fimbo na kumleta. Kwa kuwa haoni, Katabazi alitambua watu kwa mkono na kwa sauti, na mimi nilikuwa namnyima vyote viwili.

"Nani huyu?" aliuliza siku ya kwanza nilipompa vidole.

Siprian akamwambia ni kijana wa zahanati.

"Mkono wake unaponyoka kama kambare," Katabazi akasema. "Mwambie mimi sili samaki."

Watu wote kwenye benchi walicheka. Kuanzia hapo niliitwa Kambare, na wapo wanaoniita hivyo mpaka leo. Mkiulizwa Kambare yuko wapi, ndiye mimi.

Sasa niseme kilichomleta kwenye kundi, kwa sababu hakuja kwa kupenda. Madaktari wa macho huja kwa kambi katika hospitali moja upande wa Karagwe, wanakaa kidogo, wanaondoka. Mzee Katabazi alikwenda kwao. Walimwambia macho yake yanatibika kwa upasuaji mdogo, kisha wakampima presha, wakaacha. Presha ilikuwa juu mno, hawakuthubutu kugusa jicho. Wakamwambia aishushe, arudi watakaporudi wao, wakati wa mavuno ya kahawa.

Alirudi nyumbani amekasirika. Alisema yeye alipeleka macho, wao wakatazama mkono. Akawaambia watu wazi kwamba atakwenda mara moja tu nyingine. Wakimrudisha tena, hatapanda pikipiki ya tatu, atajihesabu kipofu na kuuza shamba la kahawa, kwa kuwa mtu asiyeona kahawa nyekundu na ya kijani hawezi kuichuma. Wanaomfahamu walijua hatanii. Hivyo tulikuwa na muda wa kutoka maua ya kahawa mpaka mavuno, na jicho la mtu lilikuwa mwisho wa njia.

Nesi alimpa vidonge, akamkataza chumvi ya kuongeza mezani na rubisi, pombe ya ndizi, ya kila jioni, akamwingiza kwenye mazoezi.

Neno hilo mazoezi litawasumbua, nawaonya. Mazoezi kwa wazee wa huku ni ya wanasoka na askari. Nesi alikuwa ametoka semina, akaja na mazoezi mepesi kwa wenye presha: kutembea pole kila siku, kuketi na kuinuka kwenye benchi bila kushika kitu, kuegemea ukuta magoti yakiwa yamekunjwa kidogo na kubaki hapo, na kubana mpira laini mkononi kwa muda, kisha mkono wa pili. Yote ya kutotoa jasho. Hilo la kutotoa jasho ndilo lililowaudhi. Walisema wao wanalima tangu alfajiri, sasa wanaitwa zahanati kuketi. Nesi aliwajibu kwamba jembe halijakatazwa, ila kwa jembe mtu hulima kwa pupa na kupumzika kwa pupa, na haya ni ya utulivu, ya kila siku, jua na mvua. Walikubali kwa heshima. Heshima na imani ni vitu viwili, mtaviona.

La ukuta lilikufa haraka. Zahanati imepakwa chokaa, na wanaume huja kliniki na makoti yao ya kanisani. Walirudi nyumbani na migongo myeupe, wake zao wakauliza walikuwa wamelala wapi. La kuinuka kwenye benchi wanawake walilipenda. Wanaume walisema mzee hainuki-inuki mbele ya watoto, wakiwa na maana ya mimi. Mpira ndio uliobaki.

Mipira niliitengeneza mwenyewe, kwa majani makavu ya migomba yaliyosokotwa na kufungwa kwa kamba za migomba, kama tuliyochezea utotoni, ila laini zaidi na ya kutosha kiganja. Msinunue ya dukani, hiyo ya dukani ni migumu na huteleza. Majani yakiwa makavu sana mpira hupasuka, yakiwa mabichi unaoza. Yavuneni asubuhi umande ukiwa umekauka kidogo.

Nesi alisimama mbele yao, akainua mpira, akasema, "Kaza mkono. Usikaze sana. Pumua kawaida." Wote wakasema ndiyo. Nilikuwepo, nilisikia.

Mzee Katabazi alipokea mpira wake, akaupapasa, akauliza kama kweli yeye, aliyelea watoto wote wale, amepewa mpira.

"Ukishinda watakupa na filimbi," Siprian akamwambia.

Lakini aliuchukua. Jicho ni jicho.

Miezi ikaenda. Kahawa ikatoka maua, ikafunga tunda. Wenzake kwenye benchi walianza kushuka, si kwa haraka, kama maji ya mtungi unaovuja. Siprian alishuka. Akina mama wa kuinuka na kuketi walishuka. Mzee Katabazi alibaki juu, na siku nyingine alipanda. Nesi alimpima mkono wa kulia na wa kushoto. Akabadilisha betri. Akabadilisha vidonge, akamwandikia aende kwa daktari, daktari naye akaongeza. Bado.

Kesi ngumu huanza hivyo, wenzangu, haziji na kelele. Unatazama kipimo kile kile mpaka unaanza kumshuku mgonjwa. Nesi alimuuliza kama anakunywa dawa. Akasema anakunywa. Rubisi? Ameacha, na akasema neno hilo kwa huzuni ambayo haiwezi kuwa ya uongo. Chumvi? Mke wake anapika kama kwa mtoto mchanga. Kahawa ya kutafuna? Anaitafuna kliniki ikiisha. Na mpira je?

"Hiyo ndiyo kazi yangu," akasema. "Hakuna anayefanya kama mimi."

Ilikuwa kweli. Nilimtengenezea mipira kuliko wote, maana alikuwa anairudisha imebapa kama chapati. Nilidhani ni majani.

Kahawa ilipoanza kuwa nyekundu, Nesi alinituma nyumbani kwa Mzee Katabazi nikatazame vidonge na chumvi kwa macho yangu. Sikupenda kwenda nyumba za watu peke yangu. Nilizunguka shamba lake la migomba mara nyingi kuliko ilivyohitajika ndipo nikatokea uani.

Mke wake, Mama Domina, alikuwa anaanua maharage. Tulisalimiana. Alinionyesha vidonge, vilikuwa vinapungua sawasawa. Alinionjesha mchuzi, haukuwa na chumvi, haukuwa na kitu chochote. Nikamuuliza mzee yuko wapi, akanyoosha kidole kwenye kibaraza. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, koti limefungwa vifungo, mikono ndani ya koti.

Nikaenda, nikasema shikamoo. Hakuitika.

Nilidhani nimesema kwa sauti ndogo, kama kawaida yangu. Nikarudia. Hakuitika. Niligeuka kumtazama Mama Domina, na uso wangu bila shaka ulionyesha kitu, kwa sababu aliacha maharage.

"Usijali, mwanangu," akasema. "Mimi pia haniitikii. Tangu mmempa dawa yenu ya mpira nimekuwa kama mti wa uani. Namsalimia, ananyamaza. Namwita chakula, ananyamaza. Ngoja amalize, atarudi duniani."

Nikamtazama vizuri. Taya zimebana, mishipa ya shingo imesimama, kifua hakipandi wala hakishuki. Mikono ndani ya koti ilikuwa inatetemeka. Baadaye akaachia pumzi kama mtu aliyetoka chini ya maji, akatoa mpira, umebapa.

"Marahaba, Kambare," akasema.

Nilimuuliza kwa nini amebana pumzi. Swali hilo lilimshangaza.

"Mliniambia nikaze," akasema. "Nikajikaza."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi, na sina la kuongeza. Tangu akiwa mtoto ameambiwa jikaze. Anapochomwa sindano, jikaze. Anapoinua mkungu, anabana pumzi na kujikaza. Alipozika, aliambiwa jikaze. Sisi tukaja na neno kaza tukidhani limekwenda kwenye kiganja, kumbe limekwenda mwili mzima. Na dawa nyepesi hakuiamini, kwa hiyo aliifanya nzito.

Nikamuuliza kama anafanya hivyo pia kliniki. Akasema hapo ndipo hasa. Akiwa kwenye benchi anasubiri zamu, ndani ya koti, anafanya kwa nguvu zake zote mpaka anapoitwa, ili kipimo kimkute ametoka kazini. Kama mwanafunzi anayesoma mlangoni mwa chumba cha mtihani.

Nilirudi zahanati nikitembea haraka, jambo ambalo si kawaida yangu. Nesi Yustina alinisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka. Alisema kubana pumzi na kukaza kwa nguvu zote hupandisha presha pale pale, ndiyo maana alisema wapumue, na kwamba tumekuwa tukimpima mtu anayeinua mkungu. Kisha akasema tutafute neno lingine.

Tulijaribu kumfanya ahesabu kwa sauti, maana anayehesabu hawezi kubana pumzi. Mzee Katabazi alihesabu kama anayepokea madebe ya kahawa, mbio mbio, akamaliza na kudai ameshinda. Tulijaribu wimbo wa kanisani. Alisema wimbo wa Bwana hauimbwi na mpira mkononi. Nesi akamwambia, "Basi mzee, shika tu polepole." Akauliza polepole ni kiasi gani. Nesi akafikiri, akanitazama mimi niliyekuwa nimesimama penye njia yangu ya salamu, nikitoa vidole na kurudisha vidole.

"Shika kama unasalimia," akamwambia. "Mpira ni mkono wa mgeni. Usimvunje, usimwachie. Na umuulize habari zote mpaka ziishe."

Uso wa yule mzee ulibadilika. Hilo alilijua. Nguvu ya mkono wa salamu haihitaji kipimo, na urefu wa salamu ya Kinyambo unatosha kwa zoezi, na hakuna anayeweza kuuliza habari za ng'ombe huku amebana pumzi. Lakini akakataa kusalimia majani.

"Mgeni lazima aitike," akasema.

Nesi akaniambia niende nikaketi mkabala naye niitike.

Sitaeleza sana siku hiyo. Nilishikwa mkono mmoja, mpira ukiwa kwenye mkono wake wa pili, na akaniuliza nimelalaje, shangazi amelalaje, mgongo wake je, Nyabiyonza wanasemaje, migomba ya baba imepona ugonjwa? Kila nilipojaribu kurudisha vidole alikuwa bado ananiuliza. Ikabidi nijibu. Nikajibu na kuuliza. Benchi zima lilikuwa linatusikiliza, na sikufa. Alipomaliza mkono wa kwanza tukahamia wa pili, akaanza upya, kwa sababu alisema mkono wa kushoto haujasikia.

Hivyo ndivyo zoezi lilivyobadilika kwa kundi zima. Wanaketi wawili wawili, kila mmoja na mpira, wanaulizana. Likiisha wananyamaza, wanatulia kwa muda mzuri, ndipo wapimwe. Mlipofika mliona na mkanong'onezana kwamba wanapiga soga wakati wa huduma. Si soga. Msiwanyamazishe hapo, wanyamazisheni baada ya hapo. Na neno kaza msilitumie. Semeni shika.

Nyumbani aliyeitika alikuwa Mama Domina. Alikuja zahanati kutushtaki, au tulidhani anatushtaki.

"Tangu anioe hajawahi kuniuliza nimelalaje," akamwambia Nesi. "Tulilala wote, aliona hakuna cha kuuliza. Sasa ananiuliza asubuhi na jioni, na mkono haniachii. Maharage yanaungua."

Nesi akamuuliza kama tumwambie aache.

"Sijasema aache," Mama Domina akajibu. "Nimesema yanaungua."

Presha ya mzee ilianza kushuka. Sijui ilikuwa mpira, au vidonge vilivyoongezwa, au mchuzi usio na ladha, au kutulia kabla ya kupimwa. Nilimuuliza Nesi, akasema nisigawanye sifa, dawa hazina wivu. Nanyi msimwambie mgonjwa yeyote kwamba mpira unatosha. Vidonge havikuachwa hata siku moja. Na anayesikia kizunguzungu au maumivu ya kifua aweke mpira chini, aje kwa muuguzi.

Kambi ya macho ilirudi mavuno yakiwa katikati. Nilimpeleka mimi, kwa kuwa Siprian alikuwa anaanika kahawa. Watu walikuwa wengi, wamejaa kwenye ukuta wa hospitali wakisubiri. Mstari uliposogea, nikaona mikono ya Mzee Katabazi imeingia ndani ya koti, na shingo imeanza kusimama.

Mbele ya watu wote wale nisiowajua niliingiza mkono ndani ya koti la mzee wa watu, nikatoa mpira, nikautia mfukoni mwangu. Hakuna aliyecheka. Mzee aligeuza uso upande wangu.

"Hawa si wageni wangu?" akauliza.

"Leo wewe ndiye mgeni, mzee," nikamwambia. "Mgeni anangoja asalimiwe."

Akaachia pumzi. Akatulia. Alipoitwa nilimwongoza mpaka mlangoni, na pale mlango ulipofungwa nikabaki nje na mpira mfukoni. Nilisikia muuguzi wa mle ndani akimwambia anyooshe mkono, na nikamsikia akiuliza, "Nishike?" Yule muuguzi akamwambia hapana babu, usishike kitu. Kisha kimya. Kimya hicho sikupata kukisikia kirefu vile hata nilipokuwa napima mwenyewe.

Hakurudishwa. Alitoka ameandikwa alama juu ya jicho la kulia, akapelekwa upande wa pili kwenye upasuaji.

Kesho yake walimfungua kitambaa. Njiani kurudi, kila tulipopita kahawa alimsimamisha mwenye pikipiki, akatazama, akasema twende. Mara moja alinitazama mimi. Akasema alidhani mimi ni mfupi.

Mama Domina alikuwa amesimama mlangoni. Hakumsalimia. Alisimama tu, amejifunga kitenge cha kanisani, amenyamaza, nadhani alitaka kujua kama ataonekana bila kusikika. Mzee akavuka uwanja mwenyewe bila fimbo, bila kugusa mgomba hata mmoja, akamshika mkono. Akamuuliza amelalaje. Akamuuliza habari za nyumba, za maharage, za kuku, za kahawa iliyoanikwa, zote mpaka zikaisha, na jicho lile moja halikutoka usoni pake.

"Mama Domina," akasema mwishoni, "umezeeka lini?"

"Ulipokuwa umebana pumzi," akajibu.

Jicho la pili walilifanya kambi iliyofuata. Kahawa haikuuzwa, anaichuma mwenyewe, na akija kliniki bado ataketi upande wa nje wa benchi aone wanaopita. Ule mpira niliomtoa mkononi sikumrudishia, alisema upumzike kabatini. Mwingine wa kutumia anao. Usipotengenezwa upya kila mvua atawadai, na atakuwa na haki.

Hayo ndiyo niliyonayo. Penye njia ya kuingilia wekeni mtu wa salamu, na kama kati yenu yupo mwenye haya, mwekeni huyo. Mkono utazoea.

Nami nimewasalimu kwa kurasa zote hizi, bila kuwaachia mkono. Niulizeni nimelalaje, niambieni benchi likoje, Nesi Yustina anaendeleaje, na Mzee Katabazi amewapa jina gani. Andikeni hata kwa herufi mbaya kama zangu, mtu yeyote anayekuja Nyabiyonza ataleta. Msikae kimya sana. Huku asiyeitikia salamu tunajua amebana pumzi, na mimi nitalazimika kuja kutazama.